Candida na Wifi Yake

Nyumba ya shangazi yangu Bi Zamzam, mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja na choo kimoja, na nyumba yenye choo kimoja haina siri. Mimi Zamda nilirudi kukaa hapo baada ya mume wangu kuniacha, nikawa nakaanga vitumbua barazani. Nayasema haya mapema ujue kwamba nilikuwa na nafasi ya kuwatazama watu, na mdomo wa kuwasema sikuazima kwa mtu.

Chumba cha karibu na mlango wa uani alipanga Candida, mjane wa Kichaga kutoka Kibosho, muuza ndizi sokoni. Tulimwita Mama Evarista, kwa jina la binti yake aliyekuwa akilelewa na bibi yake huko huko Kibosho. Candida alikuwa Mkatoliki, lakini nikiishia hapo nitakuwa sijasema kitu, maana wapo Wakatoliki tuliowatambua siku ya Krismasi tu, tena kwa nguo. Huyu alikuwa Mkristo toka utosini mpaka visiginoni. Mwadhini akiadhini alfajiri, yeye keshapiga magoti zamani na rozari yake mkononi, hata shangazi akawa anasema kwamba nyumba hii haimpi Mungu nafasi ya kupumua, kisha anatubu hapo hapo kwa kusema maneno kama hayo.

Na haikuwa sala tupu. Mzee Sadalla wa chumba cha nyuma alipopooza, ndugu zake walikuja wakachungulia, wakatoa pole, wakaondoka. Candida ndiye aliyemfulia mashuka. Miaka ile sabuni ilikuwa kitu cha kusikia kwa jirani. Sisi wengine tulifulia majani ya mpapai. Yeye akipata kipande kwenye foleni ya duka la ushirika, nusu yake inaishia kwenye mashuka ya Mzee Sadalla, Mwislamu wa Lindi ambaye hata "Tumsifu Yesu Kristo" hakujua inaitikiwaje. Siku moja nikamwuliza kama hachoki.

"Nachoka sana, Zamda," akanijibu. "Lakini Yesu hakusema tumfuate tukishapumzika."

Nilimpenda kwa majibu kama hayo. Na ndiyo maana lile jambo la wifi yake lilinikera, kwa kuwa ukimpenda mtu, doa lake linakuuma kama lako.

Wifi yake aliitwa Agnesi, mdogo wa marehemu mumewe, na alikaa Magomeni. Zamani wawili hawa walikuwa chanda na pete. Agnesi alikuja kila Jumapili baada ya misa, wanasukana nywele hapo uani, wanacheka kwa Kichaga chao mpaka shangazi anawaambia watafsiri tucheke wote. Leodegar, mume wa Candida, alikuwa na kiduka mtaani kwetu, akiuza chumvi, mafuta ya taa na sabuni, vinapopatikana.

Kisha ukaja mwaka wa msako wa walanguzi. Redio ilitangaza kwamba mwenye kuficha bidhaa ni adui wa wananchi, na watu wakaanza kutupa mali zao majalalani kwa hofu. Siku moja mgambo na polisi waliingia chumbani kwa Agnesi kule Magomeni, wakakuta katoni za sabuni chini ya kitanda. Wakamwuliza ni za nani. Akasema, "Za kaka yangu." Leodegar akachukuliwa siku hiyo hiyo. Alikaa mahabusu miezi mingi, akarudi na kifua kibovu, na masika iliyofuata tukamsindikiza mpaka kwenye lori, maiti yake ikaenda kuzikwa kwao Kibosho, kwenye migomba ya baba yake.

Mimi sikuwepo mazikoni, ila habari ilifika Kariakoo kabla ya waliozika. Candida alisema mbele ya ukoo kwamba Agnesi asitie udongo kwenye kaburi la mtu aliyemuuza mwenyewe, na ukoo ukamsikiliza mjane. Agnesi alisimama nje ya ua kama mpita njia mpaka watu wakatawanyika. Toka siku hiyo jina lake halikutamkwa nyumbani kwetu. Mimi lilinitoka mara moja kwa bahati mbaya, nikanyimwa ndizi wiki nzima.

Sasa mwaka huu ninaousimulia, themanini na tano, Candida alikubaliwa kuweka ahadi. Parokiani kwao walikuwapo kina mama wa kilemba cheupe, ambao husimama mbele ya altare na kuahidi kumfuata Kristo kwa moyo wote, bila kubakiza kitu, mpaka kufa. Si jambo la kupewa kila anayeomba. Mtu huandaliwa, hutazamwa, huulizwa majirani. Hata shangazi aliulizwa, naye akajibu kwamba angekuwa Mwislamu angemwoza kwa mwanawe. Candida alikitamani kile kilemba kama mwari anavyotamani kutolewa nje, na jinsi alivyokipiga pasi nilidhani atakiunguza.

Ilikuwa desturi yao kwamba kabla ya Jumapili ya ahadi, jumuiya inakuja kusali nyumbani kwa mhusika, na katekista anamwuliza mbele ya wote kama ana neno na mtu. Walikuja Alhamisi jioni. Shangazi aliwatandikia uani mikeka yake ya maulidi, akasema Mungu ni mmoja na mikeka ni hiyo hiyo. Katekista wao, Onesphory, alikuwa Mchaga mwenzake Candida, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wakasali, wakaimba, kisha akauliza.

"Mama Evarista, una neno na mtu?"

"Sina."

Onesphory akangoja. Kule jikoni mimi nikaacha kupepea jiko nisikie vizuri.

"Na Magomeni?"

"Magomeni sina mtu."

Watu wakatazama mikeka. Onesphory akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Agnesi anaondoka Jumamosi," akasema. "Anarudi Kibosho moja kwa moja, kumwuguza mama yake, bibi wa Evarista. Macho ya bibi yamekwisha kabisa. Alikuja kuniaga."

"Namtakia safari njema. Katekista, nimeshamsamehe mbele ya Mungu. Lakini Mungu hakuniambia nimkaribishe chai."

Wawili watatu walicheka. Onesphory hakucheka. Akavaa miwani yake taratibu, akasema, "Mimi siwezi kukuzuia, mama. Jumapili nitaliita jina lako, na kuitika ni kwako mwenyewe." Wakafunga kwa sala, na Candida akawagawia watu ndizi kwa uchangamfu, kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi sikupendezwa. Nilijisemea moyoni kwamba kama kusamehe ndiko huko, basi hata mimi nimemsamehe mume wangu, na huyo nikimwona leo barabarani natamani ajikwae.

Ijumaa alfajiri Candida alikwenda kupokea ndizi, kwani malori ya Moshi huteremsha mapema. Mimi nilikuwa nimeshawasha jiko la vitumbua. Shangazi alikuwa anafagia, mara ufagio ukanyamaza.

"Zamda," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo uone watu wasivyo na haya."

Kwenye komeo la mlango wa Candida palikuwa pamefungwa jani refu la kijani, bichi, limepigwa fundo katikati. Sisi watu wa Pwani jani lenye fundo mlangoni kwa mjane halihitaji kuelezwa. Shangazi alisoma Ayatul Kursi, akapuliza, akaniamuru nilete koleo. Hakuligusa kwa mkono. Alilibana kwa koleo, akalibeba hadi barazani kama anabeba nyoka, akalisukumiza kwenye makaa ya jiko langu na kulitupia ubani juu.

"Aliyelituma limrudie," akasema. "Na usimwambie Mama Evarista. Ana jambo lake Jumapili, asije akavunjika moyo."

Nikaapa sitasema. Vitumbua vya siku ile sikuvionja, ila niliviuza vyote.

Mchana, nikiwa naosha chuma cha vitumbua, nikamwona Agnesi amesimama ng'ambo ya barabara. Nilimjua kwa kimo tu, maana alikuwa amekonda hata khanga ilimzunguka mara nyingi. Akavuka, akasita, akapanda barazani. Shangazi alikuwa ameketi na tasbihi yake.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Nimepotea, mama. Wifi amesema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu masale. Nilimfungia mlangoni alfajiri. Nilitaka kugonga, nikasikia anasali, nikashindwa, nikajibanza nyuma ya ua mpaka akaondoka, ndipo nikalifunga."

Shangazi akanitazama, mimi nikatazama chuma changu. Agnesi akadhani hatujui masale ni nini, na kweli hatukujua. Basi akatueleza. Kwao Uchagani mmea wa masale huoteshwa kuzunguka shamba, na ukimkosea mtu kosa lisilobebeka, unapiga fundo jani lake na kumpelekea. Akishalipata, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Hata uwe umemwulia mtoto. Kwa desturi angelileta mzee wa ukoo, lakini hapa mjini mzee wa kumtuma hakumpata. Alimwomba dereva wa lori la ndizi amletee jani lenyewe kutoka kwao, likafika limefungwa kwenye majani makavu ya mgomba lisinyauke.

"Siwezi kuingia kwa mama nikiwa hivi," akasema. "Mama haoni, lakini atanishika uso, atajua. Na kaburi la kaka liko pale pale nje ya mlango."

Tasbihi ikamwanguka shangazi mapajani.

"Ya Rabi," akasema. "Nimechoma msamaha wa watu."

Akamweleza yote, koleo, ubani na Ayatul Kursi. Nilidhani Agnesi atalia au atatutukana, na angetutukana ningempa haki yake. Alikaa tu akitazama jiko langu lililozimwa. Kisha akasema jani jingine halipo, lori jingine litakuja yeye ameshaondoka, na labda Mungu mwenyewe ndivyo alivyotaka. Akamshukuru shangazi kwa kumwambia kweli. Basi lake lilikuwa la kesho asubuhi, stendi ya Kisutu. Alipoteremka barazani alipepesuka kidogo, nikamshika kiwiko, na kiwiko kile kilikuwa mfupa mtupu.

"Shangazi, tunamwambia Mama Evarista au hatumwambii?" nikauliza.

"Tunamwambia. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi miguu inaniuma."

Candida alirudi alasiri na kikapu chake cha ndizi zilizobaki. Shangazi hakumpa nafasi ya kutua. "Mwanangu, leo nimechoma kitu chako bila kujua," akasema, akamsimulia kisa kizima akiwa amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu.

Candida alisikiliza na kikapu bado kichwani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakitua kikapu, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Bi Zamzam, usiwe na wasiwasi. Limeungua, basi. Mimi sikuliona. Asiyeliona hadaiwi."

Shangazi alishusha pumzi, akaenda kujitayarisha kwa sala. Mimi nilibaki nikimtazama Candida. Alichukua kisu, akaanza kumenya ndizi za jioni. Akamenya moja, ya pili, ya tatu, akaendelea kumenya mpaka sufuria ikafurika, na yeye huwa anakula peke yake. Nikamwuliza anapika harusi ya nani.

Akaweka kisu chini. "Zamda, nimekuwa nikiliogopa hilo jani toka siku ya mazishi," akasema. "Kila nikifungua mlango naangalia. Nilijua likija nitasamehe, kwa sababu kwetu hakuna namna nyingine. Ningempa mkono, watu wangeona, na moyo wangu ungebaki pale pale ulipo. Sasa limeungua. Nilipocheka pale nilikuwa na furaha, unaelewa? Furaha kweli. Halafu nikamenya ndizi ya kwanza nikajiuliza, mimi ni mtu gani ninayefurahi hivi?"

"Ni mtu aliyefiwa na mume," nikasema. Nilitaka kumtetea.

"Nimempa Mungu magoti yangu. Nimempa sauti, nimempa sukari, nimempa sabuni. Agnesi nilimbakiza mwenyewe." Akaitazama mikono yake yenye utomvu. "Na sikumbakiza kwa sababu alimtaja Leodegar. Zile katoni nilizipeleka mimi."

Sikuelewa, ikabidi arudie. Leodegar hakutaka kuficha kitu. Redio ilipoanza kutangaza, alisema ataitoa ile sabuni hadharani iuzwe kwa watu, iishe. Candida ndiye aliyeona uchungu. Alizipanga katoni kwenye vikapu, akazifunika ndizi, akazipeleka Magomeni mumewe akiwa kwa jirani kwenye hitima. Agnesi hakutaka kuzipokea, akambembeleza mpaka akakubali. Kwa hiyo polisi walipouliza, Agnesi alikuwa na jina jingine la kutaja, tena ndilo la mwenye mzigo.

"Angenitaja mimi angekuwa amesema kweli tupu," Candida akasema. "Hakunitaja. Miaka miwili namchukia mtu aliyeniacha huru, kwa sababu kila nikimwona nakumbuka vikapu."

Hapo nilimkasirikia, na sitaficha. Nilimfikiria Agnesi alivyosimama nje ya ua siku ya mazishi, nikakumbuka kile kiwiko nilichokishika mchana, nikataka kumwambia Candida maneno ambayo yangetosha kunihamisha nyumba ile. Lakini nilipomtazama usoni nikaona keshajiambia yote, tena kwa ukali kunishinda. Hasira ikaniisha, ikabaki huruma, nami nikaanza kulia kabla yake.

"Nisindikize Magomeni," akasema. "Peke yangu nitarudia njiani."

Tulikwenda kwa miguu kupitia Jangwani. Mara moja alisimama pale bondeni, akageuka kutazama Kariakoo, nikamshika mkono bila kumwuliza, tukaendelea.

Agnesi alikuwa sakafuni akifunga mizigo yake kwa kamba. Kitanda kilikuwa kimeshauzwa. Alipomwona Candida mlangoni alijikunja na kupiga magoti, ikawa aliyeonewa ndiye anayepiga magoti, na mimi sikuweza kuvumilia, nikageuzia uso ukutani. Nilipogeuka tena, Candida naye alikuwa amepiga magoti, wanatazamana sakafuni kama watu wanaotafuta sindano.

"Wifi, nisamehe," Agnesi akaanza. "Jani nililileta, likapata..."

"Nyamaza, Agnesi. Sikuja kukusamehe. Nimekuja kuomba." Akamshika mabega. "Kwa nini hukunitaja?"

Agnesi akavutavuta kamba ya mzigo wake.

"Niambie. Ulikuwa na haki ya kunitaja. Kwa nini hukunitaja?"

"Kaka alikuja hapa jioni ile ile uliyoleta mzigo," Agnesi akasema. "Alikuwa ameona duka tupu, akajua. Nilidhani atazichukua, lakini mtaa ulikuwa umejaa mgambo tayari. Akakaa hapo ulipo wewe. Akasema, wakija, ni zangu. Usimtaje mama wa mtoto. Akaniapisha nisikwambie kamwe."

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Alisema ukijua kwamba amejitwika kosa lako kwa hiari, utakwenda mwenyewe polisi kujitoa badala yake. Alisema anakufahamu, hutakubali afungwe kwa ajili yako."

Candida alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mumewe alikuwa amekaa mahabusu miezi yote ile akiamini kwamba mke wake angejitoa kama angejua, na mke alijua toka mwanzo kilichomo kwenye vile vikapu, na hakwenda. Hilo lilikuwa wazi kwetu sote watatu. Agnesi alimvuta wifi yake, akamlaza kichwa mapajani, akawa anampapasa nywele na kusema naye kwa Kichaga. Maneno sikuyaelewa, na safari hii sikutaka nitafsiriwe.

Walipotulia, Candida akaketi vizuri, akajipangusa. "Kesho naenda na wewe," akasema.

"Uende wapi? Jumapili una ahadi."

"Katekista akiliita jina langu sitaitika. Nitakuwa kwa mama, namwambia yeye na ukoo nani alibeba zile katoni, na nani alisimama nje ya ua bila kosa."

Agnesi akashtuka. "Wifi, hawatakuelewa. Utapokonywa shamba. Hata Evarista wanaweza kukukatalia. Tuliache. Mimi na wewe tumeshapatana, inatosha. Nimeizoea ile lawama, hainiui."

Nakiri kwamba hata mimi niliona Agnesi amesema la busara. Mambo mangapi watu wameyamaliza chumbani yakaisha. Candida alitikisa kichwa.

"Nilikuwa najitayarisha kusema 'bila kubakiza kitu,' na mtu mwingine ananibebea aibu yangu," akasema. "Ningesemaje? Naogopa, Agnesi. Ndiyo maana nataka tuende pamoja."

Asubuhi shangazi na mimi tulimsindikiza Candida Kisutu. Shangazi alikuwa ameniamsha mapema tukaange maandazi ya safari, kwa sukari aliyokuwa ameificha kwa ajili ya Idi, na alimpa Candida kapu lote na ujumbe wa kumpelekea mama mkwe wake kwamba mwenye nyumba anamdhamini. Kwa nini ukoo wa Wachaga usikilize dhamana ya mwanamke wa Kizaramo, hilo hakutueleza. Candida naye alinipa ujumbe wa kumfikishia Onesphory.

"Mwambie sikuitika kwa sababu nimekwenda," akasema. "Na nikirudi, kama nitarudi, nitamkuta hapo hapo."

Basi lilikuwa limejaa, watu, magunia na kuku. Konda alimpatia Candida nafasi baada ya shangazi kumwita mwanangu na kumwuliza ukoo wake. Nikapanda kuwasaidia mizigo. Kiti cha Agnesi kilikuwa cha dirishani, na alikuwa ameshakikalia, mzigo wake miguuni. Alipomwona Candida anakuja kati ya watu, aliinuka, akamsogeza ndani, akafungua kioo mpaka mwisho na kumtolea kipande cha limau alichokuwa amekifunga kwenye pindo la khanga, kwa sababu wifi yake hutapika safarini, na alikuwa amekikata kabla hatujafika.